Mzinga Hauendi Peke Yake: Mizinga ya Königsberg, Reli ya Kati na Mabega ya Wapagazi

Historia ya mizinga mizito ya reli husimuliwa kwa kawaida kama historia ya chuma kinachozidi kunenepa. Inaanza Marekani mwaka 1862, pale jeshi la majimbo ya Kusini lilipofunga mzinga wa manowari juu ya behewa, likaukinga kwa ukuta wa chuma na mbao, kisha likausukuma kwa garimoshi hadi kwenye mapigano ya Savage's Station, Virginia. Inapita Ufaransa mwaka 1918, ambako Wajerumani waliipiga Paris kutoka umbali wa kilomita 120 hivi. Inafikia kilele Sevastopol mwaka 1942, mbele ya mzinga ulioitwa Schwerer Gustav: tani 1,350 za chuma, mdomo wenye upana wa sentimita 80, na kombora la tani 7. Msomaji hufunga kitabu akiwa amestaajabu, na mshangao huo mbele ya ukubwa humfanya atazame mtutu tu, asiulize ulifikaje pale. Leo nakusudia kuisimulia historia hiyo kutokea hapa Dar es Salaam. Mizinga yetu haikuwa mikubwa kiasi hicho, na kwa sababu hiyohiyo mambo yaliyofunikwa na ukubwa kule Ulaya huku yanaonekana waziwazi. Hoja yangu ni moja: nguvu ya mzinga mzito haimo ndani ya mtutu, imo katika njia inayoufikisha mahali pa kupigia na kuulisha ukiwa hapo. Njia hiyo ikikatika, gharama huhamia kwenye mabega ya watu, na mabega yana kikomo.

Kwanza tuelewane kwa nini mzinga ulipandishwa relini. Katika karne ya 19 viwanda vilijifunza kutengeneza mizinga ya manowari na ya ngome za pwani ambayo hakuna farasi angeweza kuikokota. Barabara za udongo ziliimeza, na madaraja ya mbao yaliikataa. Reli peke yake ndiyo iliyokuwa na tuta imara na injini ya kuvuta. Hata hivyo, kuuweka mzinga juu ya behewa ni nusu tu ya kazi. Mzinga ukifyatuliwa hupiga teke kurudi nyuma, na teke hilo lazima limezwe na kitu: ama mtutu urudi ndani ya kitanda chake kwa msaada wa mafuta na springi, ama behewa zima liteleze nyuma juu ya reli, ama reli iachwe na mzinga ushushwe kwenye msingi uliochimbiwa ardhini. Tena behewa hutazama kule reli inakoelekea. Ili kulenga kulia au kushoto, mafundi walitandika kipande cha reli kilichopinda, wakausogeza mzinga mbele na nyuma kwenye mkunjo huo hadi mdomo uelekee shabaha. Ndivyo ulivyotumika mzinga mfupi ulioitwa Dictator wakati wa kuzingirwa kwa Petersburg mwaka 1864. Kwa hiyo tangu mwanzo silaha hii ilidai watu wa kutandika mataruma, mafundi wa karakana, makaa ya mawe, maji ya injini, na ratiba ya treni iliyofunguliwa kwa ajili yake. Afrika iliyaona haya mapema. Katika Vita vya Makaburu vilivyoanza mwaka 1899, Kapteni Percy Scott wa manowari ya HMS Terrible alibuni magari ya kukokotea mizinga ya meli ili ikapigane nchi kavu, na karakana za reli za Afrika Kusini zikapewa kazi ya kuweka mizinga ya inchi 6 juu ya mabehewa.

Miaka 15 baadaye, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, zamu ilikuwa yetu, wakati huo tukiwa koloni la Wajerumani. Manowari ya Kijerumani SMS Königsberg iliwasili Dar es Salaam mwezi Juni 1914, ikiwa na mizinga 10 ya sentimita 10.5. Tarehe 31 Julai ikang'oa nanga chini ya nahodha wake, Max Looff, kabla vita havijatangazwa rasmi. Tarehe 20 Septemba iliishtukiza manowari ya Kiingereza HMS Pegasus katika bandari ya Zanzibar na kuizamisha, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji, kwenye mikondo na mikoko ambamo manowari kubwa za Waingereza hazingeweza kuingia. Waingereza waliitafuta kwa miezi kadhaa, wakaiteka Mafia mwezi Januari 1915, wakaleta ndege za kuangalia makombora yanaangukia wapi, na hatimaye wakaleta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ilipigwa hadi ikashindwa, na Wajerumani wenyewe wakamalizia kuiharibu. Vitabu vingi vya vita vya baharini hufunga sura hapo. Kwa mada yetu ndipo inapofunguliwa, kwa sababu maji ya Rufiji hayakuwa marefu, na mizinga yote 10 iliopolewa.

Tusimame kidogo hapa. Mtutu mmoja wa mzinga ule ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita 4 na uzito wa kama tani moja na nusu, bila kuhesabu kitako chake. Kutoka delta hadi Dar es Salaam hapakuwa na reli, wala barabara ya kustahimili mzigo huo. Palikuwa na mchanga, mabwawa na vichaka. Mbung'o walikuwa wakiua ng'ombe na farasi, kwa hiyo kazi ikawaangukia watu. Haikuwa mara ya kwanza. Miezi kadhaa kabla, meli ikiwa bado hai, mitambo ya boila zake ilikuwa imechakaa, nayo ikakokotwa na mamia ya vibarua hadi karakana ya reli hapa Dar es Salaam, ikatengenezwa, ikarudishwa Rufiji kwa njia ileile. Sasa mizinga nayo ikafuata nyayo hizo. Ilipofika mjini, mafundi wa karakana waliiundia magari yenye magurudumu ili iweze kwenda vitani nchi kavu, kazi ambayo kwenye nchi za viwanda ingefanywa na kiwanda cha silaha. Hapa koloni halikuwa na kiwanda cha silaha. Lilikuwa na karakana ya kutengeneza vichwa vya treni: tanuri, nyundo za kufulia chuma, mashine za kukereza, winchi za kunyanyulia mizigo, na watu wanaojua kazi ya chuma kizito. Zawadi ya kwanza ya reli kwa mzinga ilikuwa hiyo karakana, kabla hata ya behewa.

Zawadi ya pili ilikuwa mwendo. Reli ya Kati ilianza kujengwa hapa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwezi Februari 1914, miezi sita tu kabla ya vita. Ilikuwa njia moja, geji ya mita, yenye urefu wa kilomita 1,250 hivi. Juu yake mizinga ya Königsberg iligawanywa kama karata: mingine ikabaki kulinda pwani, mingine ikaenda kwenye nyanja za vita, mmoja ukavuka nchi yote hadi Kigoma ukafungwa kwenye meli Graf von Götzen. Meli hiyo nayo ilikuwa mtoto wa reli. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa kwenye maelfu ya masanduku, ikashushwa bandarini hapa, ikapelekwa Kigoma na kuungwa upya mwaka 1915. Kwa mzinga mmoja uliotoka kwenye meli iliyokufa Rufiji, Götzen ikawa chombo chenye nguvu kuliko vyote katika Ziwa Tanganyika. Waingereza walileta mashua zao mbili, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa reli, kwa matrekta ya mvuke na kwa ng'ombe kupitia milima ya Mitumba huko Kongo. Zikaiteka meli ya Kijerumani Kingani na kuizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann, lakini Götzen hawakuthubutu kuisogelea. Mzinga mmoja ulitawala ziwa, na uliweza kufanya hivyo kwa kuwa reli iliishia ukingoni mwa ziwa hilo.

Kaskazini tunaona jambo hilohilo kutoka pande zote mbili za mpaka. Wajerumani walikuwa na reli ya Usambara kutoka Tanga hadi Moshi. Waingereza walikuwa na reli ya Uganda kutoka Mombasa. Mwaka 1915 Waingereza walianza kujenga tawi kutoka Voi kupitia Maktau kuelekea Taveta, kwa vifaa na mafundi kutoka India, ambako pia kulikuwa na geji ya mita. Tawi hilo halikuwa la biashara. Lilijengwa kwa sababu jeshi la Waingereza, pamoja na mizinga yake, lisingeweza kuvuka nyika ile isiyo na maji kwa njia nyingine. Mwezi Machi 1916, baada ya mapigano ya Latema na Reata, Waingereza walisonga hadi Kahe, kwenye reli ya Usambara, na huko wakakabiliana na mzinga wa Königsberg. Wajerumani waliporudi nyuma, mzinga huo waliulipua wakauacha. Mtu anaweza kuuliza: kwa nini waache silaha ya thamani kiasi hicho? Jibu liko kwenye ramani. Reli ya Usambara na Reli ya Kati hazikuwa zimeunganishwa. Kati yake palikuwa na vilima na misitu, na Wajerumani walikuwa wametandika njia nyembamba ya troli za kusukumwa kwa mikono kutoka Mombo kwenda Handeni ili kupunguza adha ya kubeba. Chakula na risasi za bunduki ziliweza kupita humo, lakini mzinga wenye tani kadhaa, huku adui akiwa kisogoni, ulikuwa mzigo wa kumchelewesha mwenyewe.

Ushahidi mzuri zaidi uko Kondoa Irangi. Mwezi Mei 1916 kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, aliwahamisha askari wake wengi kwa Reli ya Kati hadi Dodoma, akapanda nao kaskazini kukikabili kikosi cha Waingereza kilichoongozwa na van Deventer, na mizinga ya Königsberg ikapelekwa kuupiga mji wa Kondoa. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni zaidi ya kilomita 450, na treni iliimaliza safari hiyo kwa muda mfupi. Kutoka Dodoma hadi Kondoa ni kama kilomita 160, na hapo ndipo vita halisi vya uchukuzi vilipoanza. Tufanye hesabu. Kombora moja la mzinga ule lilikuwa na kilo 17 hivi. Pamoja na ganda lake la shaba na baruti, risasi moja kamili ilikaribia kilo 25, yaani mzigo kamili wa mpagazi mmoja. Tuchukue kwamba mpagazi anatembea kilomita 20 kwa siku na anakula kilo moja ya unga. Kwenda na kurudi ni siku 16 na kilo 16 za unga, ili kufikisha risasi moja tu. Risasi 100 zinahitaji wapagazi 100 na kilo 1,600 za unga. Unga huo ukibebwa kutoka relini unahitaji wapagazi wengine 64, ambao nao wanakula, na chakula chao kinahitaji wabebaji zaidi. Ukiifuata hesabu hadi mwisho unapata watu wasiopungua 275 kwa risasi 100. Behewa moja la tani 10 lingebeba risasi 400 bila kula chochote isipokuwa kuni za injini.

Hesabu hii ndiyo inayoeleza jambo ambalo historia ya silaha hulipita kimyakimya. Jeshi lisilotaka kuwalisha wapagazi kutoka relini lina njia moja tu ya kukata mnyororo huo, nayo ni kuchukua chakula vijijini kule msafara unakopita. Ugogo, nchi inayokatwa katikati na Reli ya Kati, ilichukuliwa nafaka, mifugo na vijana wake, kwanza na Wajerumani, kisha na Waingereza. Mvua zilipokosekana, hapakuwa na akiba. Njaa iliyofuata, iliyodumu tangu mwaka 1917 hadi 1920, Wagogo waliiita Mtunya, na wanahistoria wamekadiria kwamba ilichukua maisha ya watu 30,000 kati ya 150,000. Sisemi kwamba mizinga ya Königsberg ndiyo iliyoleta Mtunya. Mizinga ilikuwa sehemu ndogo tu ya mahitaji ya majeshi yale. Ninachosema ni kwamba kila kilo iliyoondoka relini ilibadilika kuwa deni kwa mtu fulani, na silaha zikipimwa mojamoja, mzinga mzito ulikuwa mkopaji mkubwa kuliko zote.

Kisha ukaja mwaka wa hukumu. Kati ya Julai na Septemba 1916 Reli ya Kati iliponyoka mikononi mwa Wajerumani kipande baada ya kipande. Dodoma ilianguka mwishoni mwa Julai, Morogoro tarehe 26 Agosti, Dar es Salaam tarehe 4 Septemba, na Tabora ikachukuliwa na Wabelgiji tarehe 19 Septemba. Götzen ilivuliwa mzinga wake, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi Julai. Waingereza waliiibua baadaye wakaipa jina la Liemba. Wajerumani walivunja madaraja na kuharibu mabehewa kadiri walivyorudi nyuma, hata askari wa Afrika Kusini waliokuwa upande wa Waingereza wakalazimika kuyavua malori matairi ya mpira na kuyavika magurudumu ya reli ili yavute mizigo kwenye vipande vya njia vilivyosalia. Nawaomba mwangalie kilichotokea kwa mizinga. Kabla ya Septemba 1916, mizinga ya Königsberg ilikuwa Mwanza, Kigoma, Kahe, Kondoa na pwani. Baada ya hapo iliyosalia ilipotea mmoja baada ya mwingine, ukitekwa au ukilipuliwa na wenyewe, hadi wa mwisho kuishia kusini mwaka 1917. Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma tarehe 25 Novemba 1917 hakuwa na hata mmoja. Jeshi lilikuwa lilelile, na makamanda ni walewale. Reli ilikuwa imeondoka, na mizinga ikaondoka nayo.

Kuna mtu atasema: lakini Lettow-Vorbeck alipigana mwaka mzima mwingine bila reli wala mizinga ile, kwa hiyo vyote viwili havikuwa na maana. Pingamizi hili lina nguvu, na sehemu yake ni kweli. Mahiwa, mwezi Oktoba 1917, yalipiganwa mapambano makali kuliko yote ya vita hivi kwa bunduki na bunduki za rashasha zaidi kuliko kwa mizinga mizito. Hata hivyo, pingamizi lenyewe linathibitisha hoja yangu. Kwa kukosa reli, Wajerumani walibadili aina ya vita: waliacha kushika miji, bandari na maziwa, wakawa jeshi linalohama na kubeba kile tu kinachoweza kutwikwa kichwani. Walichokipoteza hakikuwa uwezo wa kupigana, kilikuwa uwezo wa kubaki mahali. Mzinga mzito ni silaha ya mtu anayetaka kubaki mahali au kumwondoa mwenzake aliyebaki mahali. Vita vya kuhamahama vikianza, mzinga huo huwa wa kwanza kutupwa.

Mwingine atapinga kwa njia ya kitaalamu zaidi: mizinga hii haikupigana ikiwa juu ya reli kama ile ya Ufaransa, na sentimita 10.5 si uzito wa kutisha, basi kwa nini tuiite jamaa ya mizinga ya reli? Kuhusu uzito, jibu ni kwamba mzinga huwa mzito kwa kulinganishwa na njia yake. Kule Ufaransa, penye barabara za kokoto na malori, mzinga wa sentimita 10.5 ulikuwa wa kawaida. Kwenye tope la masika kati ya Dodoma na Kondoa, ulikuwa mlima. Kuhusu kupigia juu ya behewa, tutazame Ulaya yenyewe kwa makini. Mzinga ulioipiga Paris mwaka 1918 ulisafirishwa kwa reli, ukapigia kwenye msingi uliojengwa ardhini. Gustav uliletwa Sevastopol kwa vipande ndani ya mabehewa, ukaungwa kwa siku kadhaa juu ya njia mbili za reli zilizotandikwa sambamba kwa ajili yake peke yake, ukahudumiwa na maelfu ya watu, na ukapiga makombora yasiyofikia 50. Kwa hiyo mpaka kati ya mzinga unaopigia relini na mzinga unaoletwa na reli si mkali kama vitabu vinavyoonyesha. Kinachoiunganisha familia hii ni utegemezi: ondoa reli, na silaha inabaki chuma kilichokwama.

Hapo linazuka swali la haki: kwa nini basi Ulaya ilifika kwenye mabehewa makubwa ya mizinga, na sisi hatukufika? Si kwa sababu ya akili ya mafundi, maana waliotengeneza boila za manowari na magari ya mizinga hapa Dar es Salaam walionyesha walivyoweza. Sababu ni mbili. Ufaransa ilikuwa na mtandao mnene wa reli za geji sanifu, kwa hiyo popote vita viliposimama palikuwa na njia karibu, na hata pasipokuwa nayo iliweza kutandikwa kwa siku chache. Sisi tulikuwa na mistari miwili isiyogusana katika nchi kubwa kuliko Ujerumani yenyewe. Pili, uwanja wa vita wa Ufaransa ulikaa mahali pamoja kwa miaka karibu minne, na mzinga wa reli hupenda adui asiyehama. Huku kwetu uwanja wa vita ulihama kilomita mamia kwa miezi. Hapa mzinga wa reli ulikuwa na reli hadi stesheni, na baada ya stesheni ulikuwa na watu.

Watu hao wana anwani hapa mjini. Waingereza walipoingia Dar es Salaam, kambi ya kikosi chao cha wapagazi ilikaa kwenye ardhi iliyo magharibi ya Mnazi Mmoja, mahali ambapo baadaye pakawa Kariakoo. Upande mmoja wa mji palikuwa na bandari, stesheni na karakana, mahali chuma kilipopakuliwa na kutengenezwa. Mwendo mfupi kutoka hapo palikuwa na kambi ya watu waliokuwa wakisubiri kubeba kile ambacho reli haikuweza kukifikisha. Kikosi chao, kilichoongozwa na Oscar Watkins, kiliandikisha katika muda wa vita mamia ya maelfu ya watu kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na nchi jirani. Takwimu inayotajwa mara nyingi ya waliokufa upande wa Waingereza ni 95,000 hivi, wengi wao kwa kuhara damu, nimonia na malaria, na si kwa risasi. Unga wa mahindi waliopewa mara nyingi ulipikwa haraka na kuliwa nusu mbichi, na watu waliozoea ndizi au ulezi waliugua matumbo njiani. Kwa upande wa Wajerumani hesabu haijawahi kukamilika, kwa sababu mtu aliyekamatwa kijijini abebe mzigo hadi kijiji kinachofuata hakuandikwa popote.

Pingamizi la mwisho ni la wale wasemao kwamba kuwaingiza wapagazi katika historia ya mizinga ni kuchanganya mambo: habari za silaha ni za wahandisi, habari za wapagazi ni za historia ya jamii, kila moja ikae kwenye kabati lake. Sikubaliani, na si kwa huruma. Mhandisi anayeusoma mzinga bila kuusoma mnyororo wake hukosea kihandisi. Hawezi kueleza kwa nini mzinga wa aina ileile ulitawala ziwa zima Kigoma, ukalipuliwa na wenyewe Kahe, na huko Kondoa ukapiga bila kuweza kuurudisha mji mikononi mwa Wajerumani. Mtutu, baruti na wapigaji vilifanana kotekote. Kilichotofautiana ni umbali kutoka mwisho wa reli. Kigoma palikuwa hapohapo relini. Kahe palikuwa relini lakini reli yenyewe ilikuwa imefungwa upande wa pili. Kondoa palikuwa siku 8 za miguu. Hiyo si habari ya huruma, ni kipimo, na kipimo hicho hakimo kwenye majedwali ya umbali wa kombora na unene wa chuma.

Mtazamo huo unapaswa kubadili namna tunavyoihifadhi historia hii. Mmoja wa mizinga ya Königsberg umesimama leo Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko Pretoria. Katikati ya jiji letu, tangu mwaka 1927, imesimama Sanamu ya Askari. Maandishi yake yanawataja wapagazi, lakini aliyechongwa ni askari mwenye bunduki peke yake. Mnara wa Nairobi wa mwaka uliofuata angalau uliweka mpagazi miongoni mwa watu wake watatu. Watembeleaji wa mizinga ile huambiwa upana wa mdomo na jina la meli. Napendekeza waambiwe mambo mengine matatu: karakana gani ililiunda gari lake, ulisafiri kilomita ngapi kwa reli, na ulikokotwa kilomita ngapi na watu. Mambo mawili ya kwanza yanaweza kupatikana kwenye kumbukumbu za reli na za majeshi. Jambo la tatu linahitaji kazi ya wanahistoria wetu, kwa Kiswahili, huko Rufiji, Ugogo na Kondoa, katika masimulizi ambayo familia bado zinayo. Nchi iliyojenga reli mpya ya geji sanifu kwenye njia ileile ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma ina sababu ya kulijua hili kuliko nchi nyingi: reli hupimwa kwa kile inachowaondolea watu mabegani, na inapovunjwa, vitani au kwa uzembe wa wakati wa amani, mzigo haupotei. Hurudi kwa mwenye bega lililo karibu.